Kwa nini si mimi?
Mtoto wa maskini hakosi akili. Mara nyingi hukosa mtu wa kumwonyesha njia. Huko Cergy, karibu na Paris, wanafunzi wa chuo cha ESSEC walianza mwaka 2002 kuwaongoza vijana wa sekondari wasio na mali. Jina la kazi yao ni swali: «Chuo kikubwa: kwa nini si mimi?» Huwazoeza kusema mbele ya watu bila hofu. Mwaka 2008 serikali ya Ufaransa ilianzisha kazi ya namna hiyo nchini pote, ikaipa jina la kamba ya wapanda milima: wa mbele humshika wa nyuma. Sisi tuliosoma tusiikate kamba hiyo. Nanyi wazazi, msimwambie mtoto: «Si mahali petu.»