Mchanga wa Mito Ni Maji ya Wananchi

Kila mvua inapokosa kunyesha Ukambani, viongozi wetu huwa na neno moja la kutuambia: kwamba ukame ni kazi ya Mungu. Neno hilo ni tamu kwa anayelisema, kwa sababu humwondolea lawama. Sisi tunalikataa. Mvua kukawia ni jambo la mbingu. Mkulima kukosa maji wiki chache baada ya mto kufurika ni jambo la utawala, na utawala huulizwa.

Tazameni yaliyotupata. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua iliharibika katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini mwa nchi. Kisha mvua za mwishoni mwa 2023, na zile za Machi hadi Mei 2024, zikaja kwa ghadhabu, zikabomoa madaraja na kuzoa mashamba. Maji yaliyoombewa makanisani yalipita mbele ya macho yetu, yakaingia Athi na Tana, mengi yakaishia baharini. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame haiwezi kuendelea kuyaaga maji kwa namna hiyo.

Maarifa ya kuyazuia tunayo, tena ni ya hapa hapa. Katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui, wananchi hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kuukingama mto. Mafuriko yakija, udongo mwepesi hupita juu ya ukuta pamoja na maji, na mchanga mzito hutuama nyuma yake. Baada ya misimu michache ukuta umejaa mchanga, na robo hivi ya ujazo wa mchanga huo, pengine na zaidi, ni maji. Mgeni hupita akadhani mto umekufa. Mwenyeji hufukua kidogo akateka. Jua la Ukambani, ambalo kwa mwaka laweza kuvukiza maji ya kina cha takriban milimita 2,000 pahali ambapo mvua mara nyingi haifiki milimita 700, haliyafikii maji yaliyo chini ya mchanga kama linavyoyanywa yale ya bwawa lililo wazi. Kandokando ya kuta hizo utaona sukumawiki, nyanya na vitunguu wakati vilima vyote vimekauka. Si kila mto unafaa, maana pasipo na mwamba maji hutoroka chini kwa chini. Lakini inayofaa ni mingi. Kundi la Utooni lilianza kazi hii Machakos mwaka 1978, na Kitui kuta za namna hiyo zimejengwa kwa mamia tangu miaka ya 1990.

Pamoja na kuta kuna matuta. Hapa historia inatufaa sana, nasi tungependa wanaharakati vijana waisome. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba Wakamba wanaiharibu ardhi yao, ikaamuru ng'ombe wao wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya wananchi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini amri ile haikuweza kuendelea. Matuta yaliyochimbwa kwa kusukumwa na wakubwa yalichukiwa. Yale ya miaka ya 1950 na baadaye, ambayo watu waliyachimba katika vikundi vyao vya mwethya na viongozi waliowachagua wenyewe, yalienea kilima kwa kilima. Hasa yale ya fanya juu: mkulima huchimba mtaro akatupa udongo upande wa juu, maji yakasimama, yakazama. Watafiti waliotoa kitabu chao mwaka 1994 walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado ardhi ilitunzwa vizuri kuliko zamani. Jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na kauli.

Sasa twende kwenye jambo lenye uchungu. Mchanga unaohifadhi maji ya Ukambani ndio unaojenga magorofa ya Nairobi. Malori huingia mitoni, mengi usiku, yakaondoka yamejaa. Mchanga ukiisha hubaki mwamba mtupu. Mafuriko yajayo hupita bila kuacha kitu, visima vya kandokando hukauka, na ukuta uliojengwa kwa jasho la akina mama husimama kama mlango usio na nyumba. Watu wamepoteza maisha katika ugomvi huu. Wasomaji wetu wa makanisani wanakijua kisa cha Isaka, ambaye visima vya baba yake vilifukiwa na maadui, na alipoanza kuchimba vingine wakaja kuvigombea. Huko Gerari walivijaza udongo. Kwetu wanauondoa mchanga, lakini mwisho wa ng'ombe ni ule ule.

Hatuwashambulii vijana wanaopakia malori kwa koleo. Wao hupata ujira mdogo, na shamba lililokauka ndilo lililowapeleka mtoni. Tunawauliza wenye malori, na wale wanaowafungulia njia. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, nasi twaisifu kwa hilo. Hata hivyo sheria ya kaunti moja huishia mpakani, na mto hauna habari na mpaka.

Kwa nini basi kazi ndogo ndogo kama hizi hupata fedha kidogo, huku mipango mikubwa ya mabwawa ikitangazwa kwa shangwe? Jibu letu ni kwamba ukuta wa mchanga hauna utepe wa kutosha kukatwa, wala zabuni ya kunenepesha mtu. Tena mwananchi mwenye akiba ya maji na gunia la mtama au ndengu hahitaji kupanga foleni ya mwolyo. Katika enzi ya chama kimoja mgao wa chakula ulipitia mkononi mwa chifu, na mwenye njaa alijifunza kunyamaza. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini gunia la msaada bado huonekana likitembea karibu na kura.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na haki ya kupata maji safi ya kutosha. Kifungu cha 62 kinaihesabu mito kuwa ardhi ya umma. Uhifadhi wa udongo na maji ni kazi ya kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na umma lazima usikilizwe.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu mambo mawili. Kwanza, kila kanisa lipime paa lake. Paa la mita 200 za mraba, pahali penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, zilizobaki zatosha kitalu cha miche na bustani ya mboga. Pili, kila kikundi kitembee mto wake kabla ya vikao vya bajeti, kihesabu kuta zilizopo, zilizobomoka, na mahali malori yanapoingilia. Kisha twende kwenye vikao hivyo mapema, tukiwa na hesabu hiyo kwa maandishi, na tumtake mwakilishi wa wadi aijibu mbele ya watu.