TUJIANDAE KABLA YA TANGAZO

Safari ya kutoka mjini Moshi kwenda Mweka si ndefu. Ni yapata kilomita 14 tu kuelekea kaskazini, barabara ikipanda katikati ya migomba na mikahawa mpaka ukingoni mwa msitu wa Kilimanjaro. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho kimewafunza askari wa wanyamapori na wahifadhi kutoka nchi nyingi za bara letu. Lakini kwa kijana wa Makunduchi au wa Micheweni safari hiyo ni ndefu mno. Na tuonavyo sisi, urefu wake hautokani na bahari wala na mlima. Unatokana na karatasi.

Mambo huwa ni yale yale kila msimu wa maombi ya masomo na ya fedha za kusomea unapowadia. Tangazo hutoka, na hapo ndipo kijana huanza kutafuta cheti cha kuzaliwa ambacho hakukiona tangu alipoandikishwa skuli. Akikipata, jina lililomo ni Khamis, na katika cheti cha kidato cha nne ameandikwa Hamisi. Humwendea Sheha kwa barua, Sheha yumo safarini. Humtafuta mdhamini, mdhamini ataka kwanza kuelezwa. Siku ya mwisho hufika, na nafasi huchukuliwa na mwingine ambaye pengine hakumshinda kwa akili, ila alikuwa na bahasha iliyokamilika. Jambo hili tumelizoea, na kulizoea huko ndiko kosa letu la kwanza.

Huenda msomaji wetu wa visiwani akauliza: Kilimanjaro inatuhusu nini? Jibu limo ndani ya taa ya nyumbani kwake. Maji yatokayo katika msitu wa mlima huo huingia katika mito Kikuletwa na Ruvu, hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka kwa jina la mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi, pwani inayotazamana na visiwa vyetu. Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, ambayo imo katika gridi ya Taifa. Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kimeunganishwa na gridi hiyo kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Basi anayeulinda msitu wa Kilimanjaro anailinda pia sehemu ya mwanga wa Chake Chake na Wete.

Na ulinzi huo si kazi ya kubahatisha. Mwezi wa Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, katika njia ya wapanda mlima iendayo Horombo, ukaunguza takriban kilomita za mraba 95. Watumishi wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji waliupanda mlima kuukabili, wengine wakiwa na matawi ya miti mikononi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga. Ushujaa wa watu hao tunausifu bila ya kusita. Lakini ushujaa pekee hauzimi moto wa mlimani. Hutakiwa mtu ajuaye upepo unavyogeuka, ajuaye kukata njia ya kuukinga moto, ajuaye pia wakati wa kuwaamuru wenzake warudi nyuma ili maisha yasipotee.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Katika Ilani ya Arusha ya Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikubali kwa niaba ya Taifa lililokuwa likijiandaa kwa uhuru kwamba wanyama na maskani yao ni amana mikononi mwetu, na kwamba kuitunza amana hiyo kwahitaji utaalamu, watumishi waliofunzwa na fedha. Haikupita miaka miwili mitatu, chuo cha Mweka kikafunguliwa. Waliotutangulia walianza na mtu kabla ya kuanza na bunduki na magari. Hiyo ndiyo njia tunayopaswa kuifuata.

Kwa upande wa visiwa vyetu, haja ni kubwa. Tuna Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ambako kima punju huishi. Tuna msitu wa Ngezi, tuna mikoko, tuna matumbawe, na tunahimizwa kila siku juu ya Uchumi wa Buluu. Yote hayo yataka watu waliosoma. Tena elimu ya uhifadhi si kubeba silaha na kumfukuza mwananchi. Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro walitengewa tangu mwaka 1941 ukanda wa msitu uitwao Nusu Maili wapate kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ilipopanuliwa kuujumuisha msitu, swali la kina mama wanaohitaji kuni likawa gumu zaidi. Kule Jozani wanavijiji wamekuwa wakipata fungu katika mapato ya wageni. Kijana wetu atakayeijua Jozani na kuisomea Kilimanjaro atarudi na hekima ya pande zote mbili.

Sasa tuseme juu ya fedha, maana hapo ndipo wengi hupotea. Mkopo si ruzuku. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, hukopesha. Na dawa ya deni ni kulipa. Ruzuku ni fedha isiyorudishwa, lakini hutolewa kwa kazi maalumu na hudaiwa hesabu. Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ya Tanzania Bara, ni mfano mmoja wa mifuko ya namna hiyo. Mwombaji asiyejua tofauti hii huandika barua ya kuomba msaada mahali panapotakiwa mpango wa kazi, na kesho yake hulalamika kwamba ameonewa.

Kwa hiyo tunawaambia vijana: anzeni leo. Chukueni cheti cha kuzaliwa na mkihakikishe. Majina yatofautiane hata kwa herufi moja, yashughulikieni mapema kwa njia za kisheria. Mwenye kufiwa na mzazi aweke tayari cheti cha kifo, kwani hudaiwa. Walio madarasani wasikimbie Bayolojia, Kemia na Jiografia, wala wasidharau Kiingereza, maana ndicho kitakachotumika chuoni. Pigeni hesabu ya gharama yote: ada si mwisho wa safari, kuna nauli ya meli na basi, kuna viatu vya porini na nguo za baridi kwa mtoto wa pwani asiyewahi kuijua baridi ya mlimani. Na mwandikapo maombi, msiseme tu kwamba mnapenda mazingira. Semeni mti gani mmeupanda na unaendeleaje.

Wazazi nao tunawakumbusha kwamba msitu haumchagui mwanamume. Mtoto wa kike aliyefaulu asizuiliwe kwa sababu chuo kiko mbali.

Yaliyobaki ni juu ya viongozi, na hapa hatutaki kumung'unya maneno. Si haki kumlaumu kijana kwa kuchelewa iwapo tangazo lenyewe limebandikwa katika ubao wa afisi ya mjini siku chache kabla ya mwisho. Tangazo lifike katika kila shehia na lisomwe redioni. Masharti yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Sheha awe na siku inayojulikana ya kutia saini. Na majina ya waliopata yatangazwe hadharani, pamoja na sababu, ili asiwepo wa kusema kwamba nafasi zina wenyewe.

Zaidi ya hayo kuna pengo ambalo Serikali haina budi kulitazama. Bodi za mikopo ziliundwa kwanza kwa ajili ya elimu ya juu. Lakini moshi wa kwanza msituni hauonwi na mwenye shahada aliyeketi afisini. Huonwa na askari wa doria mwenye cheti cha msingi. Huyo ndiye mwenye milango michache ya kubisha. Tunashauri kila bajeti itenge fungu dogo lakini la kudumu, la kuwasomesha vijana wa ngazi hiyo kutoka Unguja na Pemba, katika Mweka na vyuo vingine vya fani hii, kwa mkataba wa kurudi kuzitumikia hifadhi zetu. Fungu likiwa la kudumu, kijana atajua mwaka mzima analojiandalia.

Barafu ya Kilimanjaro inatufunza juu ya kuchelewa. Wataalamu waliopima wanasema kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu 85 katika kila 100 za eneo lililofunikwa na barafu ile zilitoweka. Iliyobaki haitasubiri mikutano yetu.

Tulipokuwa chuoni, tungali wadogo, tulifundishwa kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo akatawakali. Kijana na afunge wake kwa kukamilisha karatasi zake, na afisa afunge wake kwa kulitoa tangazo mapema. Baada ya hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba yaliyobaki tumemwachia Mola.