Kumwachisha Kazi Mgonjwa: Mwajiri Amuulize Nini Daktari?

Barua ambazo waajiri hutuandikia madaktari kuhusu wafanyakazi wao mara nyingi huwa na swali moja tu: anaumwa nini? Kwa maoni yangu, swali hilo huzaa migogoro mingi. Haliwezi kujibiwa bila ridhaa ya mgonjwa, na hata likijibiwa halimsaidii mwajiri kuamua. Swali linalofaa ni hili: mfanyakazi huyu anaweza kazi gani, na lini?

Tuchukue mfano wa kifua kikuu. Matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Jina la ugonjwa likishatajwa, mwajiri huhesabu kwamba mtu wake amepotea kwa nusu mwaka. Kumbe mgonjwa ambaye vimelea vyake si sugu kwa dawa, akizitumia ipasavyo, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, naye aweza kurejea kazini angali akimeza dawa. Anayemfukuza mapema hupoteza fundi aliyemfunza kwa miaka. Tena wenzake wanaojifunza kwamba kikohozi hukosesha riziki huficha dalili zao, na karakana nzima huvuta hewa ileile.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi kuwe na cheti cha daktari. Wapo wanaodhani kwamba siku ya 127 ajira hukatika yenyewe. Sivyo. Ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka apime chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, iwapo ni wa muda au wa kudumu, na iwapo kazi inaweza kurekebishwa. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko, jalada lisilo na taarifa ya daktari wala kumbukumbu ya kikao humwelemea mwajiri.

Itasemwa kwamba karakana ya watu 5 haiwezi kumsubiri mgonjwa bila kikomo. Ni kweli, wala sheria haidai hivyo. Yapo magonjwa yasiyomruhusu mtu kurudia kazi yake. Lakini uamuzi huo uje mwisho: baada ya taarifa ya daktari kuhusu uwezo wa mgonjwa, baada ya kumsikiliza yeye pamoja na mwakilishi wake, na baada ya kumtafutia kazi nyingine anayoimudu. Ndipo zifuate notisi na stahiki zake zote.

Nasi madaktari hatuna budi kujirekebisha. Maneno "apewe kazi nyepesi" hayamwongozi mtu yeyote. Tuandike kwamba asinyanyue mzigo unaozidi kilo 10 kwa wiki 6, asipangiwe zamu ya usiku, na arudi kupimwa tarehe fulani. Taarifa ya namna hiyo hutunza siri ya mgonjwa, na humpa mwajiri msingi wa uamuzi anaoweza kuutetea.