Majina ya wahami yalale kwenye diski, mwendo tuutafute pengine

Leo tuzungumze juu ya mashini zinazoandika majina ya watu.

Watu wakikimbia Salamabila ao vijiji vingine vya Kabambare na kufika hapa Wamaza, ao kuendelea mpaka Kasongo, kazi ya kwanza ni kuandikishwa. Zamani ilikuwa daftari na biki. Siku hizi waandikaji wanashika telefone, na mahali pasipo na mtandao wanaweza kuweka kompyuta ndogo kwenye meza iwe seva, yaani mashini inayopokea majina kutoka telefone zote. Mstari ukiwa mrefu chini ya jua, kila mtu anataka mashini iende mbio. Hapo mafundi wanatumia dawa moja nzuri, lakini yenye hatari: faili za ndani ya kumbukumbu.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Diski, ao kadi ndogo kama ile ya telefone, ni sanduku: ukizima mashini, vitu vinabaki. Kumbukumbu ni kama meza: kila kitu kiko karibu na mkono, lakini umeme ukikatika meza yote inafagiliwa. Tofauti ya mwendo ni kubwa. Diski ya kuzunguka inahitaji kama milisekunde 10 kufika penye faili, na kumbukumbu inahitaji kama nanosekunde 100. Ni mara 100,000.

Kwenye Linux kuna tmpfs, folda inayoonekana kama folda nyingine yoyote, kumbe imekaa mezani. Tangu mwaka 2014 kuna pia memfd_create, inayoipa programu faili isiyokaa katika folda yoyote, na inayopotea programu zinazoitumia zikifungwa. FreeBSD ilipokea njia hiyo mwaka 2021. macOS haina. Windows nayo haina tmpfs: programu inatia alama kwamba faili ni ya muda, mfumo unajaribu kuiacha kwenye kumbukumbu, na nafasi ikipungua unaiandika kwenye diski. Basi fundi anayehamisha programu kutoka kompyuta ya Windows kwenda seva ya Linux asidhani faili zake zitalala mahali pale pale.

Hata Linux yenyewe inabadilika. Debian 13, iliyotoka mwezi wa Agosti 2025, imeweka folda ya /tmp ndani ya kumbukumbu, na folda hiyo inaweza kula mpaka nusu ya kumbukumbu yote. Kwenye mashini ndogo, picha nyingi zikiingia humo, programu nyingine zinakosa hewa.

Sipingi njia hii. Picha inayopunguzwa ukubwa, ripoti ambayo haijamalizika, majibu ya kutafuta jina: hivyo vyote vikae kwenye kumbukumbu. Vikipotea, mashini inavitengeneza tena. Tena kadi ndogo zinachakaa kwa kuandikwa mara nyingi, kwa hiyo kuzipunguzia kazi ni faida.

Lakini tujiulize mwendo ule unatoka wapi. Kusoma faili iliyosomwa karibuni ni kwa haraka tayari, kwa sababu mfumo wenyewe unaiweka kwenye kumbukumbu. Faida kubwa inakuja wakati wa kuandika, pale ambapo programu haingojei tena diski iseme: nimeshika. Na kungojea kule ndiko kulikuwa ulinzi wetu. Ukikuondoa, umeuza ulinzi ili ununue mwendo.

Hapa kwetu umeme ni wa jua, batri na jenereta. Mawingu yakikaa, ao mafuta yakiisha, mashini inazimika bila kuaga. Fundi atasema: tunanakili kila dakika tano kwenda diski. Je, mama aliyeandikishwa na watoto wake sita ndani ya dakika zile tano atajuaje? Atajua siku ya kugawa unga na mafuta, atakapoambiwa hayuko kwenye listi. Hana karatasi, hana shahidi, na mwandikaji amekwisha kurudi mjini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo mifumo iliyotengenezwa vizuri inafuata neno hilo. KoboToolbox, iliyoanzishwa na Harvard Humanitarian Initiative, ina programu ya telefone inayohifadhi fomu ndani ya telefone yenyewe mpaka mtandao upatikane. Kwenye seva yake inatumia Redis, inayofanya kazi ndani ya kumbukumbu, lakini imeigawanya mara mbili: moja ya kazi yenyewe, nyingine ya vitu vya muda tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa kila shirika linaloleta mashini huku. Kwanza, neno «imehifadhiwa» lisionekane kwenye telefone mpaka diski ya seva imeshika jina. Pili, kabla ya familia ya kwanza kuandikwa, fundi aandike majina kumi ya majaribio, achomoe waya wa umeme mbele ya machefu na komite ya wahami, awashe tena, kisha tuhesabu. Tatu, kila familia ipewe karatasi yenye nambari na tarehe.

Machefu na viongozi wa wahami, msione haya kuuliza kwa sababu hamkusoma kompyuta. Swali ni fupi: umeme ukikatika sasa hivi, jina la huyu mama liko wapi? Fundi asiyeweza kulijibu, asianze kazi siku hiyo.