Bwawa la Thwake na hatima ya maji ya Malindi

MVUA kubwa zinaponyesha bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Mto Sabaki hushusha tope jekundu, na maji yaliyokuwa ya samawati huonekana kama chai ya maziwa. Wenyeji wamelizoea jambo hilo. Wenye hoteli hawajaacha kulilalamikia. Lakini tope ni sehemu tu ya mzigo unaobebwa na mto huo, na huenda si sehemu inayostahili kuogopwa zaidi.

Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina matatu. Huanza kama Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukaitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha ukaingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Njiani hupokea maji ya Mto Nairobi, unaopita katikati ya mitaa ya mabanda na kando ya jaa la Dandora. Ndani ya uchafu huo mna fosforasi na nitrojeni zitokazo kwenye vinyesi, sabuni na mashamba. Ni virutubishi vile vile ambavyo mkulima hununua dukani kwa jina la mbolea.

Mbona basi mto haujageuka kijani? Sababu ni mbili: maji yake hukimbia, na tope lake huzuia mwanga. Sayanobakteria, ambao wengi huwaita mwani ingawa ni bakteria, huhitaji jua kama mimea. Katika maji mazito yaendayo kasi hukosa mwanga, tena hukosa muda wa kuzaana.

Hali hiyo inaweza kubadilishwa na bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 2018 katika kaunti ya Makueni, pale Athi inapokutana na Mto Thwake. Limekusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Maji yakisimama, tope litazama, mwanga utapenya, na jua la Ukambani litayapasha moto. Malindi huenda ikapata nafuu ya tope, jambo ambalo wengi watalishangilia. Mbolea, hata hivyo, haitaondoka pamoja na wekundu wa maji.

Baadhi ya sayanobakteria wana vifuko vidogo vya hewa ndani ya seli; huelea juu penye mwanga na kuwafunika viumbe wengine gizani. Wapo pia wanaovuna nitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana kupunguza nitrojeni peke yake hakutoshi. Wanapokufa, huzama, na bakteria wengine huwaozesha huku wakimaliza oksijeni ya chini. Hapo ndipo fosforasi iliyokuwa imeshikwa na madini ya chuma katika tope huachiliwa na kurudi majini. Bwawa likifika hapo huweza kujilisha lenyewe kwa miaka mingi, hata maji taka yakizuiwa.

Afrika Kusini wanalijua hilo. Bwawa la Hartbeespoort, linalopokea maji yaliyopita Johannesburg, limesumbuliwa na utando wa kijani kwa miongo kadhaa. Hapa nchini, wakazi wa Kisumu wameuona utando kama huo katika Ghuba ya Winam.

Hatari yenyewe ni sumu. Iliyo maarufu, maikrosistini, huharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Agosti 2014 watu wapatao 400,000 wa Toledo na viunga vyake, Marekani, waliambiwa wasiyanywe maji ya bomba wala wasihangaike kuyachemsha, baada ya sumu hiyo kutoka Ziwa Erie kuingia katika mitambo.

Malindi na Kilifi zina kinga moja ambayo Toledo haikuwa nayo. Maji ya Baricho huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa kando ya Sabaki, hivyo hupitia kwanza kwenye mchanga. Mchanga huzuia seli, na bakteria waishio humo wanaweza kuivunjavunja sumu. Ni kinga ya kweli, ila si ya kila mtu: mfugaji anayenywesha ng'ombe kando ya Galana, na mama anayeteka kwa mtungi, hawana mchanga wa kuwachujia.

Tiba ingeanzia Nairobi. Huko Ruai, maji taka ya jiji husafishwa katika madimbwi, njia inayopunguza uozo na viini vya maradhi lakini huacha sehemu kubwa ya fosforasi. Kuiondoa kunahitaji mitambo ya ziada na fedha, na watakaolipa si watakaoyanywa maji hayo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila Mkenya haki ya maji safi na salama, bila kutaja anaishi juu ya mto au chini yake.