Kronografu ya Jua Kwenye Renji ya Ndani? Wacheni Jokes

Wasee, leo nitagombana na mareviewa wote wa vifaa, na nitaanza na mimi.

Kuna mathe mmoja hulenga shabaha, mimi humrekodia video. Mwaka jana aliniuliza anunue kronografu gani, ile mashine ya kupima kasi ya risasi. Nikamwambia achukue ile ya bei rahisi yenye sensa mbili, nikafanya hadi video ya kuisifu. Kuijaribu? Wapi! Nilikuwa nimeona Wamarekani wakiitumia jangwani, jua kali, anga bluu. Yeye hufanyia mazoezi ndani, chini ya taa za mirija.

Hapo ndipo shida iko. Hiyo mashine huona kivuli cha risasi kikipita sensa ya kwanza, kisha ya pili, futi moja mbele. Risasi ya 9mm humaliza hiyo futi kwa chini ya sekunde moja gawa kwa elfu. Sasa stima yetu ni ya 50 Hz, kwa hivyo taa za mirija za zamani hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Macho yako hayaoni, lakini sensa inaona, na inadhani kila kufifia ni risasi. (Ndiyo, niliacha kampasi mwaka wa pili. Fizikia haikuniacha.)

Siku hiyo nambari ziliruka vibaya. 1,140. Halafu hakuna kitu. Halafu 1,090. Tukafuta zenye zilikaa ajabu, tukabaki na zenye zilitufurahisha: wastani wa futi 1,110 kwa sekunde. Mathe akaamini, akaenda mashindano ya IPSC na risasi hizo.

Kule hesabu ni uzito wa risasi mara kasi, gawa kwa elfu, na lazima ufikishe 125. Yake ni ya greini 115, so kwa nambari zetu alikuwa na 127 na pointi. Mashine yao ikasoma 1,070. Hiyo ni 123. Akaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini bila alama hata moja. Miezi ya mazoezi, nauli, ada, zote bure.

"Kijana wangu," aliniambia, "si ungesema tu hujui?"

So kama unapimia ndani, chukua ya radari. Hiyo haijali taa, inafuata risasi yenyewe. Garmin, hao hao wa saa za wakimbiaji, walitoa Xero C1 Pro mwaka wa 2023. Inakaa kwa meza kando yako. Ya sensa lazima iwekwe mbele ya mstari, yaani watu wote waache kupiga ndio uende kuipanga, na ukikosea kidogo unaipiga risasi yenyewe. Imetokea sana.

Najua mtaniambia ni dola 600. Ni kweli, hizo ni zaidi ya elfu 75 kabla ushuru, na mimi sina. Lakini nani alisema kila mtu awe na yake? Watu kumi wa klabu moja wanaweza kuchanga. Na kama tayari uko na ya sensa, tafuta taa zake za infraredi, uiweke kama mita 3 kutoka mdomo wa bunduki ili mlipuko usiichanganye. Na ikikupa nambari za kurukaruka, usichague zile unapenda.

Ile ya kufungwa kwa mtutu sitaiongelea sana. Kwa bunduki ndefu inahamisha pale risasi inagonga, na bastola nyingi hazina pa kuifunga.

Video yangu ya zamani bado iko. Sijaifuta, nimepachika komenti juu kabisa: "Nilidanganya, sikuijaribu." Imenipunguzia wafuasi kadhaa. Mathe aliipa like, lakini kazi ya kamera ya msimu huu amempa mtu mwingine.