Sikufika kileleni



Ndugu zangu, wengi wenu mliiona picha niliyoiweka hapa nilipokuwa Oman. Nimevaa kanzu na koti juu yake, kilemba kinapeperuka, na nyuma yangu korongo ambalo mwisho wake huuoni. Chini yake niliandika: "Alhamdulillah, juu kabisa ya Oman, kilele cha Jabal Shams." Mkaniombea dua. Mkaandika Mashaallah mamia. Mmoja wenu akasema, sheikh wetu sasa yuko juu kuliko masheikh wote. Nikacheka, na moyoni nikafurahi.

Leo nakwambia wewe uliyeandika Mashaallah: sikufika kileleni.

Safari yenyewe ilikuwa ya kweli. Tulitoka Maskati baada ya swala ya Alfajiri, mimi na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayefanya kazi huko. Tukapita Nizwa, tukapita Al Hamra, tukafika kijiji cha Ghul, na kuanzia hapo barabara ikaanza kupanda kwa kona. Sehemu nyingine lami, sehemu nyingine changarawe inayorusha mawe chini ya gari. Mpwa wangu akazima redio, akasema, "Mjomba, si ulitufundisha Sunna ya mlimani?" Alikumbuka ile hadithi ya Jabir kwamba masahaba walipopanda walikuwa wakikabiri, na waliposhuka wakisabihi. Basi tukawa tunakabiri kila kona, na zile kona ambazo upande mmoja hakuna kitu tulikabiri kwa sauti zaidi.

Tukafika kwenye uwanda wa juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo watu wa safari za siku moja wanapofika. Unasimama ukingoni, unatazama Wadi Ghul chini yako, kina chake kama mita 1,000, na tai wanaruka chini ya miguu yako. Mimi mtoto wa Tanga, nimezoea kumtazama ndege kwa kuinua kichwa. Surat al-Ghashiya inatuita tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa, na nimeifasiri sura hiyo kila mwaka, lakini siku ile nilinyamaza.

Baridi ilikuwa kali. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama anavyoruhusiwa msafiri. Tukala, tukapiga picha. (Vijana wawili walipanda juu ya jiwe nje ya ukingo ili picha itoke vizuri. Niliwafokea kwa Kiswahili, wakashuka. Nadhani sauti ilitosha.)

Sasa sikiliza. Kutoka pale tuliposimama, kilele kinaonekana. Kiko juu zaidi, zaidi ya mita 3,000, na juu yake kuna kuba jeupe la rada, kwa sababu pale ni eneo la jeshi na raia hapandi. Ukitaka kwenda juu kwa miguu ipo njia ya kilele cha kusini, chini kidogo tu ya mita 3,000, na hiyo inakula siku nzima kwa mtu mwenye magoti mazima. Mpwa wangu alinionyesha lile kuba kwa kidole. Nililiona kwa macho yangu. Na bado jioni, tumerudi Maskati, nakunywa kahawa, niliandika "kilele".

Kwa nini? Kwa sababu "uwanda wa kutazamia korongo" hausomeki vizuri. Hakuna sababu nyingine.

Kijana mmoja anayeishi huko aliniandikia pembeni kwa adabu kabisa: "Shikamoo sheikh. Samahani, pale si kileleni." Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Nikamjibu kwamba mlima ni ule ule. Akanyamaza kwa heshima, nami nikaiacha picha siku tisa.

Siku ya kumi akaniandikia ndugu mwingine: "Sheikh, nimeiona picha yako. Mama yangu ana miaka sabini na tano, tunakwenda Oman kwa ndugu zetu. Nataka nimfikishe kileleni kama wewe. Gari linafika mpaka juu kabisa?" Hapo ndipo mkono wangu ulipotetemeka. Nikijibu ndiyo, nimemdanganya mtu juu ya mama yake. Nikijibu hapana, ataniuliza: wewe ulifikaje?

Wanazuoni wa hadithi wana neno kwa kitu nilichofanya. Wanaita tadlis. Mpokezi anasema "kutoka kwa fulani", na kweli fulani huyo ni sheikh wake, amewahi kukaa naye, lakini hadithi ile hakuisikia kwake. Ameisikia kwa mtu wa katikati ambaye amemruka. Hakutamka neno la uongo. Amelipanga neno ili wewe udhani. Na maimamu hawakulichukulia jambo hilo kwa wepesi; Imamu Shu'ba alikuwa mkali juu yake kuliko unavyodhani. Mpokezi aliyejulikana kwa tadlis, ile "kutoka kwa" yake ilisimamishwa mpaka aseme wazi: nimesikia. Mlima ni ule ule, sheikh ni yule yule, lakini je, umesikia? Umefika?

Na Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta ndani mbichi. Nafaka ile haikuwa ya uongo. Ya juu ilikuwa kavu kweli. Kilichomfanya awakane wanaoghushi ni kwamba mbichi imefichwa chini.

Sheria yetu inajali sana mtu amesimama wapi. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliwaambia wanaokaa ghorofa za juu za Burj Khalifa wachelewe kufuturu, dakika 2 kwa walio juu ya ghorofa ya 80 na dakika 3 kwa walio juu ya ghorofa ya 150, kwa sababu wao bado wanaliona jua. Dakika mbili tu, lakini zina hukumu yake. Na Jabal Shams maana yake ni Mlima wa Jua.

Utaniambia, sheikh, unakuza jambo dogo. Basi tazama kwetu. Watu wangapi wanasema "nimepanda Kilimanjaro" na walitembea mchana mmoja kutoka geti la Marangu mpaka Mandara wakarudi? Matembezi mazuri, hayana aibu hata kidogo. Na cheti cha mlima ule kina adabu kuliko sisi, kinaandika ulipofika: Gilman's Point, Stella Point, au Uhuru.

Na tazama kwetu sisi wenye vilemba. Mtu kaenda Umra wiki mbili, kakaa kwenye darsa jioni nne, karudi ni "sheikh aliyesoma Madina". Hakusema uongo, darsa alisikiliza, na mji ulikuwa Madina. Kisha anakuja mwanamke analia, mume ametamka talaka tatu kwa hasira, anamwendea "aliyesoma Madina". Anatoka na jibu la mtu wa jioni nne, na ndoa ya miaka kumi na tano inakwenda au inabaki kwa jibu hilo. Mimi nimesoma madrasa na sekondari, basi. Kuna maswali yenu humu ninayoyapeleka kwa wakubwa zangu kabla ya kuwajibu, na mengine siyajibu.

Pale juu mlimani alikuwepo mzee anauza mazulia ya sufu, yamesokotwa na wake zao na kufumwa na wanaume wenyewe. Nililipenda moja jekundu. Nikamuuliza kupitia mpwa wangu, hili umefuma wewe? Akasema hapana, hilo limetoka sokoni, nalichanganya na yangu kwa sababu watalii wanapenda rangi hiyo. Yangu ni haya ya kahawia. Sikumnunulia jekundu. Wala la kahawia sikununua, bei ilinishinda. Angesema ndiyo, ningelipa.

Yule ndugu nimemjibu: gari linafika kwenye uwanda, mama atakaa kwenye kiti ataona korongo, mchukulie shuka zito, na kileleni hakuna kufika. Yule kijana nimemwomba radhi, naye akaniandikia, "Sheikh, mimi nilishasahau." Sidhani kama alisahau.

Picha bado ipo, sikuifuta. Maneno ya chini sasa yanasema: "Uwanda wa Jabal Shams, mita kama 1,000 chini ya kilele." Aliyeweka Mashaallah yake kwa ile ya mwanzo na akataka kuiondoa, ni haki yake.

Wassalaamu alaykum warahmatullah.